Mkeka Niliompa Asiyeusuka

Kwanza nikuhesabie waliokuwepo, mwanangu, maana mimi siwezi kusimulia jambo mpaka kila mtu akae mahali pake. Alasiri ninayoikumbuka tulikuwa watu watano katika chumba cha televisheni hapa mjini. Mwalimu Khatibu Ame, msomeshaji wa skuli, ndiye aliyetuongoza sisi vijana wa kujitolea. Mkewe na mama yangu walikuwa majirani wa ukuta mmoja kule Vikokotoni. Salama Mbarouk, shoga yangu tangu tukiwa chuo cha Kurani tunasoma kwa ubao. Kaka yake Salama, Othman, fundi wa kamera, na kati yetu ni yeye tu aliyekuwa ameajiriwa na televisheni. Bi Kazija Pandu kutoka Makunduchi, shangazi yake baba yangu, kwa hivyo kwangu mimi ni bibi. Na mimi mwenyewe, Mauwa, nina miaka kumi na tisa, skuli nimeiachia darasa la nne. Yuko wa sita, Bi Time Mcha, naye ni wa Makunduchi pia. Chumbani hakuwepo, lakini mtie katika hesabu, utamhitaji.

Nakuandikia haya kwa sababu mjukuu wangu Ilham kaniambia kuwa yeye na nyinyi wenzake mmejiunga kutengeneza vipindi kwenye televisheni ya jamii, bila ya mshahara, kwa kupenda tu. Nilicheka. Kumbe mchezo wetu bado unachezwa. Akanambia, "Bibi, waandikie wenzangu neno la nasaha." Nikamjibu kuwa nasaha sina, nina kosa langu moja nililolifanya nikiwa kama wao, na hilo nitawapa.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya sabini. Televisheni ndiyo kwanza imeingia Unguja, tena ya rangi. Majumba marefu ya Michenzani yalikuwa yanapanda, na sisi vijana siku za mapumziko tukienda kubeba mchanga na matofali, kwa hivyo neno kujitolea halikuwa geni kwetu. Televisheni majumbani walikuwa nazo wachache. Sanduku liliwekwa mahali pa watu wote, mitaani na mashamba, na kila mtu akaja na kigoda chake. Mimi nikifika wa mwanzo na kuondoka wa mwisho, na wala si kwa kupenda vipindi. Nilitaka kujua. Nilizunguka nyuma ya sanduku nikaona vitundu na joto linatoka. Nikawauliza watu: yule msomaji wa habari, tukizima anakwenda wapi? Na rangi ya kanga ya yule muimbaji inapitaje hewani bila ya kumwagika njiani? Mama akasema nitapata wazimu, na kwamba mwanamke anayeuliza sana hapati mume. Mume nilimpata, lakini hayo ni mengine.

Basi Mwalimu Khatibu akapita mitaani kutafuta vijana. Wananchi walikuwa wamepewa nusu saa kila wiki waonyeshe kazi za mikono yao. Wiki moja ni zamu yetu, wiki nyengine ni zamu ya kikundi cha Mpendae. Aliponifikia mimi akaniuliza, "Weye unajua kufanya nini?"

Nikamwambia, "Kuuliza."

Akacheka mpaka akavua kofia. "Basi njoo. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

Nikawa mimi ndiye ninayekaa na mgeni na kumuuliza. Salama alipanga vitu mezani. Othman alishika kamera. Kipaza sauti kilikuwa kimoja tu, kinashikwa mkononi, na aliyekishika ni mimi: nikiuliza nakileta mdomoni kwangu, mgeni akijibu nampelekea yeye. Kishike akilini kipaza sauti hicho. Na ujue jambo jengine: kipindi chetu hakikuwekwa popote. Tulivyokuwa tukifanya mle chumbani, watu walikuwa wakiona saa ile ile, Mjini na mashamba, na kikisha kimekwisha.

Sasa, wiki moja kabla ya zamu yetu, wale wa Mpendae wakaonyesha visheti. Walikanda, wakakata, wakakaanga, wakatia shira, na mwisho wakatoa sahani imejaa, inang'ara. Watu mtaani kwetu wakapiga makofi mbele ya sanduku kana kwamba wataletewa. Salama akanigeukia akasema, "Umeona? Wenzetu wana kitu cha kutoa mwisho. Sisi wiki ijayo tutatoa majani."

Alisema majani kwa sababu mgeni wetu alikuwa Bi Kazija, na kazi yake ilikuwa kusuka mikeka ya ukindu. Mimi ndiye niliyemchagua. Tangu utoto nikipelekwa Makunduchi nilikuwa nikikaa uani kwake nikitazama vidole vyake, na kule kila mtu akinambia kuwa mikeka ya Kazija Pandu hulaliwa na mabibi harusi na haichakai. Nilitaka Unguja nzima imwone.

Akaja asubuhi na gari ya shamba, kafunga vitu vyake kwenye kanga. Nikamwamkia. Akakataa chai, akataka kwanza kuiona hiyo mashine. Tukampeleka. Aliizunguka kama anavyozungukwa ng'ombe anayetaka kununuliwa.

"Inaniona mie mzima," akamuuliza Othman, "au inaona mikono tu?"

"Inaona ninapoielekeza, bibi."

"Na ukiielekeza kwenye kitu kisichokuwepo?"

Othman akakuna kichwa. "Hapo haioni kitu, bibi."

"Vyema," akasema. Akaomba achungulie. Othman akamwekea sanduku la mbao akapanda, akatia jicho. Mbele ya kamera alikuwa kasimama Salama na kanga yake nyekundu. Bi Kazija akatoa jicho, akamtazama Salama, akachungulia tena. "Mbona mwanangu umemtia kijivu?" Othman akamweleza kuwa mle ndani mpigaji huona bila ya rangi, na rangi wanaiona wenye masanduku. Bibi akafikiri. "Kwa hivyo weye unayetengeneza ndiye usiyeiona." Mimi nikacheka, kwa sababu hilo ndilo lililokuwa likinisumbua tangu siku ya kwanza na sikujua kulisema.

Kisha akafungua kanga yake. Ndani mlikuwa na ukindu uliochanwa, mwengine mweupe, mwengine umetiwa rangi, na bunda la ukili, ule msuko mwembamba mrefu ambao baadaye hushonwa upande kwa upande ukawa mkeka. Basi.

"Mkeka wenyewe uko wapi, bibi?" nikauliza.

"Haujesha. Huu ni wa mwezi na nusu, na mimi nimeanza juzi. Uliokwisha nilishautoa." Akaniangalia. "Uliniambia nije nionyeshe kusuka. Kusuka ni huku."

Alisema kweli. Lakini mimi niliona sahani ya visheti. Niliona watu wa mtaani kwetu wameketi kwenye vigoda wanangoja kitu kitoke mwisho, na hakitoki. Nikamvuta Salama pembeni.

"Kwenu si kuna mkeka mzuri? Ule wa mama yako, anaoutandika Idi."

"Ule kaletewa na wifi yake, Bi Mize."

"Bi Mize si kaolewa Makunduchi?"

"Ndiko aliko."

"Na bibi yangu wa wapi?"

Salama akatabasamu. Akenda mbio kwao akarudi nao umekunjwa, kautia ndani ya buibui. Ulikuwa mkeka wa kupendeza, sikufichi. Mweupe katikati, na kuzunguka ukingo msuko mweusi na zambarau, umeshonwa kwa mishono midogo mpaka huioni sindano ilipopita. Mwalimu Khatibu akauliza, "Huu ni wake?" Nikamjibu, "Ni wa Makunduchi, Mwalimu." Naye alikuwa na mambo mengi siku ile, akaitikia kwa kichwa akapita.

Hapo ndipo penye ujinga wa mtu wa mjini, mwanangu. Kwetu sisi mkeka wa Makunduchi ni mkeka wa Makunduchi, kama vile muhogo wa shamba ni muhogo wa shamba. Sikujua kuwa kule mwanamke akiuona mkeka humtaja aliyeusuka kabla hajakaa juu yake. Anatazama chane, vile vipande vya ukindu, zimeungwa wapi, ukili umeanzwa vipi, ukingo umefungwa kwa mkono gani. Mimi niliyekwenda kule kila mwaka sikuwahi kuuliza. Nilikuwa nikitazama vidole tu.

Kipindi kikaanza. Bi Kazija hakuogopa taa wala kamera. Alichana, akasuka, akaeleza kuwa ukindu hukatwa ukiwa haujafunguka, kwamba huanikwa kwa kuhesabu jua, kwamba rangi ya kwanza ikikosewa hairekebishiki. Nilimuuliza na akanijibu. Alinitania kuwa vidole vyangu ni vya kushika maandazi. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote niliyoyafanya mle chumbani, na laiti ningeyaacha yakaisha vile.

Zikabaki dakika mbili. Nikampa Salama ishara. Akaja na ule mkeka, akauangusha wazi mbele ya kamera, na mimi nikasema, kwa sauti ninayoisikia mpaka leo: "Na huu hapa, ndugu watazamaji, ndio mkeka wa Bi Kazija Pandu."

Bibi akauinamia. Akaushika ukingo kwa vidole viwili, akautembeza mkono mpaka kwenye pembe moja, akasita pale. Kisha akanigeukia na kuniuliza taratibu, "Mzuri huu. Wa nani?"

Kipaza sauti kilikuwa katikati yetu. Nikakivuta upande wangu. Nikacheka, nikawashukuru watazamaji, nikaaga. Watu wote Unguja waliona bibi kaushika mkeka na anasema neno huku mdomo wake unatabasamu. Neno lenyewe hawakulisikia.

Taa zilipozimwa bibi hakunilaumu. Alikusanya ukindu wake akaufunga kwenye kanga, akasema anaiwahi gari. Mlangoni akanambia, "Nilikuuliza kitu." Nami nikamjibu, "Tutazungumza, bibi." Mtaani kwetu watu walinipokea kwa makofi. Nililala nimefurahi, Mungu anisamehe.

Siku ya tano Salama akaja kuniita kwao. Bi Mize alikuwa kafika kutoka Makunduchi, kakaa ukumbini na buibui lake hajalivua. Alikuwa mama wa makamo, si mtu wa ghadhabu, lakini siku ile hakuitikia salamu yangu kwa maneno mengi.

"Mkeka niliompa wifi yangu," akasema, "nimeuona kwenye televisheni una jina la mtu mwengine."

Nikakaa chini mbele yake.

"Unajua wa nani ule?"

"Sijui, Bi Mize."

"Wa Time Mcha. Kijiji kizima tulikuwa tumekaa mbele ya sanduku, na Time mwenyewe kakaa mbele kwa sababu macho yake hayaoni mbali. Ulipofunguliwa tu, wanawake wote walimgeukia yeye. Halafu tukasikia jina la Kazija. Na Kazija tukamwona kaushika, anacheka."

Akanieleza yaliyofuata. Bi Kazija na Bi Time walikuwa marafiki tangu wasichana, waliolewa wiki moja, na kila siku baada ya adhuhuri Bi Time na wanawake wengine wanne watano walikuwa wakienda kusukia uani kwa Bi Kazija. Kesho yake ya kipindi hawakuja. Siku ya pili hawakuja. Mtu mmoja aliyekuwa kamwagizia Bi Kazija mkeka wa binti yake alipita kuchukua ukindu wake, akasema harusi imesogezwa. Wakaanza kuhesabu nyuma: ule mkeka uliompatia tuzo mwaka juzi, ulikuwa wake kweli? Na ule aliompa mke wa fulani? Kwa neno langu moja, kazi ya miaka arubaini ya yule bibi ikaanza kutiliwa shaka, mkeka mmoja mmoja.

Siku ya pili yake nikapanda gari ya Makunduchi.

Nilimkuta uani peke yake. Nilizoea kuona pale mikeka mitatu imetandikwa kwa ajili ya wasukaji, siku ile ulikuwa mmoja. Nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, vidole havikusimama. Nikaanza kuomba radhi. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa. Yeye kwao husema Kikae, lahaja ya Makunduchi, na mimi hapa naandika kwa Kiunguja changu, lakini maneno ni haya.

"Ulijua kuwa si wangu?"

"Nilijua, bibi."

"Ulijua wa nani?"

"La."

"Uliuliza?"

Nikautazama ukili mikononi mwake.

"Weye," akasema, "uliyezunguka nyuma ya sanduku kutafuta anakolala msomaji wa habari. Mkeka uko mikononi mwako, umeshindwa kuuliza neno moja. Nikakuuliza mie, na jibu nalijua, ukakivuta kwako kile kidude."

Nikalia. Hakuninyamazisha, wala hakunizidishia. Akaunga chane mpya kwenye ukili, akaendelea.

"Time hajanambia kitu," akasema baadaye. "Angenitukana ningemjibu, yakaisha. Anapita hapo njiani, ananiamkia, anakwenda zake. Nimwambie nini? Nimwambie mjukuu wangu kanipenda mno?"

Nikamwambia, "Nitakwenda kwake sasa hivi nimweleze."

"Nenda. Lakini ukimweleza yeye, atajua yeye. Na wale waliokuwa wamekaa nyuma yake? Na wa Paje, na wa Jambiani, na huko Mjini kwenu? Utagonga mlango gani na gani?" Akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Uliposemea ndipo ukasemee tena."

Nikenda kwa Bi Time. Alikuwa mwembamba, mrefu, ana kawaida ya kukusogelea ili akuone. Nilipojitaja akaniuliza, "Umekuja kwa ajili ya Kazija au kwa ajili ya mkeka?" Nikamwambia nimekuja kwa ajili yangu mimi. Nikamweleza. Akasikiliza, akasema, "Nimesikia," basi, hakuongeza. Nilipokuwa nainuka kuondoka ndipo aliposema, kama anazungumza na mlango, kuwa ule ulikuwa mkeka wake wa mwisho kwa sindano ndogo. Tangu hapo macho yalimkatalia, sasa anasuka majamvi tu.

Nilirudi mjini nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu Khatibu. Alikuwa mtu mpole, mwanangu, sitaki umfikirie vibaya. Lakini alipauka.

"Mauwa, pale si kibarazani kwenu. Ukisema mbele ya watu kuwa kitu tulichokionyesha si kweli, kesho nitaitwa niulizwe na vyengine vyote. Watakifunga kipindi. Wako vijana ishirini wanakitegemea."

"Na yule bibi, Mwalimu?"

"Tutamwita tena. Tutamfanyia kipindi chengine, kizuri zaidi."

"Akija tena, watu watasema karudi na mkeka wa nani."

Alivua kofia, akaivaa, akaivua. Mwisho akasema, "Mimi sitakuruhusu, na sitakuzuia. Zamu yetu ni Jumatano ijayo." Mpaka leo sijui kama yale yalikuwa maneno ya woga au ya ushujaa. Nimeyafikiria sana. Nadhani yote mawili.

Jumatano ile mgeni wetu alikuwa mzee mmoja msukaji wa madema ya kuvulia, Mzee Makame Shaali. Nilimwomba anipe dakika mbili za mwanzo kabla yake. Akasema, "Chukua tatu, mimi dema langu halikimbii." Mkeka niliuazima tena kwa mama yake Salama, safari hii kwa kuuomba mbele yake. Kipaza sauti kilikuwa kikinigonga meno. Nilisema hivi, na nayakumbuka kwa sababu niliyarudia njia nzima:

"Wiki mbili zilizopita nilisema mkeka huu ni wa Bi Kazija Pandu. Si wake. Umesukwa na Bi Time Mcha wa Makunduchi. Bi Kazija hakujua kama utaletwa. Alipouona aliuliza wa nani, na mimi nikamnyima kipaza sauti. Aliyesema uongo ni mimi, Mauwa binti Haji, wa Vikokotoni."

Othman hakuwa ameambiwa kitu. Lakini nilipolitaja jina la Bi Time aliisogeza kamera mpaka kwenye ukingo wa mkeka, karibu kabisa, akaipitisha pole pole juu ya ule msuko mweusi na zambarau, mshono kwa mshono, mpaka kwenye ile pembe aliyosita Bi Kazija. Akakaa pale kwa muda.

Kilichotokea Makunduchi sikukiona, nilihadithiwa na Bi Mize. Watu walikuwa wamejaa. Bi Time yuko mbele, Bi Kazija kakaa mlangoni, kama mtu aliyepita tu. Nikamaliza. Wote wanamtazama Bi Time, naye kasogea mpaka pua inakaribia kioo, anaangalia mkeka wake. Kisha akasema, bila ya kugeuka, "Huyu mwenye kamera kakaribia mno. Kaonyesha pale nilipokosea."

Na Bi Kazija akamjibu kutoka mlangoni, "Mie nilipaona siku ile ile. Nikanyamaza."

Bi Time akageuka. "Kwa nini ulinyamaza?"

"Nikasema ukiniuliza nitakwambia."

Bi Mize anasema walicheka wao wawili kwanza, peke yao, halafu wengine wote wakafuata, mpaka mzee wa madema akawa anaonyesha kazi yake na hakuna anayemtazama. Kesho yake baada ya adhuhuri uani kwa Bi Kazija ilitandikwa mikeka mitatu.

Na mimi? Kipindi hakikufungwa, lakini lilikuja neno kutoka juu kuwa yule msichana asikae tena mbele ya kamera. Nilikubali. Sikuwahi kukishika tena kile kipaza sauti. Mwalimu Khatibu alinipa kazi nyengine ambayo hakuna anayeiona: kabla ya kila kipindi nilikuwa nikienda kwa mgeni, nyumbani kwake, nikimuuliza hii ni kazi ya nani, na nani alikufundisha, na yule alifundishwa na nani, na kama kuna mkono wa mtu mwengine ndani yake nimjue kwa jina. Kuandika kwangu kulikuwa kwa taabu, kwa hivyo majina niliyabeba kichwani. Nimeifanya kazi hiyo miaka minne, mpaka nilipozaa mtoto wa pili, na nakwambia kweli, ndiyo iliyonipa jibu la yale niliyokuwa nikiyatafuta nyuma ya sanduku. Nilitaka kujua wanatoka wapi wale watu. Kumbe wanatoka majumbani mwao, na nyuma ya kila mmoja wamesimama watu wengine wengi.

Basi mwanangu, nasaha niliyoombwa ni hii. Udadisi wenu ni mzuri, msiuone haya. Lakini yako maswali tunayoyauliza kwa kuwa ni matamu, na yako tunayoyakwepa kwa kuwa jibu lake litatuharibia shughuli. Hayo ya pili ndiyo muanze nayo. Msimpambe mtu kwa kazi ya mwenziwe, hata kama mnampenda, khasa kama mnampenda, kwani baadaye atakayeulizwa si nyinyi, ni yeye. Kitu kikiwa hakijesha, kionyesheni hivyo hivyo hakijesha. Watu si wajinga, wanajua mkeka hausukwi kwa nusu saa. Mtu akikuuliza neno mbele ya watu, usimnyime sauti yake. Na mkikosea, kosa lirudishwe pale pale lilipotoka, kwa sauti ile ile, na jina lako liwemo. Usilimimine kwa siri kwenye sikio la mtu mmoja ukadhani umemaliza.

Mola awape macho ya kuona kazi za watu na adabu ya kuwataja. Awape viongozi wasiowazuia, na inapowezekana wawaruhusu. Awalinde na makofi yanayokuja kabla ya haki yake. Azilaze mahali pema roho za Bi Kazija, Bi Time, Mwalimu Khatibu, Othman, Mzee Makame, Bi Mize, na mama yake Salama, Bi Fatuma, ambaye naona sikumtaja kwa jina mpaka hapa, na mkeka ulikuwa wake. Anisamehe. Salama yu hai, yuko Mpendae kwa mwanawe, na atasoma haya.

Kwa hivyo nakuombeni, na wewe Salama wa kwanza: ikiwa nimekosea jina, au ukoo, au nimempa mtu neno alilolisema mwengine, nambieni. Nnazo siku chache na nataka kuliweka sawa. Ule ukingo nimesema ni mweusi na zambarau. Kama ulikuwa mweusi na kijani, niambieni hilo pia.